Mzee wangu alinyamazishwa kwenye stesheni ya Nakuru

"Mzee, tafadhali. Hii ni kazi ya watu waliosomea."

Maneno hayo aliambiwa baba yangu kwenye platifomu ya stesheni ya Nakuru, mbele ya kundi la wageni, na mimi nimesimama kando yake nimemshikia kofia. Nilisema nitangoja hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, kwa hivyo naandika hivyo hivyo.

Ilikuwa likizo, shule zimefungwa. Nilikuwa nimeona tangazo la ziara ya siku tatu: reli ya kale kutoka Nakuru hadi Kisumu, halafu migodi ya zamani ya dhahabu Kakamega. Kampuni siitaji jina, wenyewe watajijua wakisoma. Nililipia viti viwili mapema, changu na cha baba. Nilikuwa nimemwahidi safari hiyo tangu mama atutoke.

Baba alikuwa mtu wa reli. Aliingia East African Railways kijana ambaye hata ndevu hajaota, akaanza kwa kuosha injini shedi, yaani karakana ya injini, akapanda kuwa faiaman, mtu wa kutunza moto wa injini, baadaye dreva. Sisi watoto tulikulia landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na tukiona ovaroli yake imeanikwa mchana tunajua zamu ya leo ni ya usiku, tusipige kelele. Shirika lilipovunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, alibaki upande wa Kenya mpaka akastaafu. Mpaka leo akisikia honi ya treni anaangalia saa.

Sikutarajia kupanda treni ya mvuke, na hilo silalamikii. Injini za mvuke ziliacha kazi zamani huku kwetu, na anayetaka kuigusa moja kwa mkono aende makumbusho ya reli Nairobi. Tulisafiri kwa gari la abiria kumi na wanne, safi, mikanda inafanya kazi. Dreva wake alikuwa mtu na nusu: kila tukisimama anashuka kwanza kumshika baba mkono. Huyo Mungu ambariki.

Shida ilianza pale pale Nakuru, hata safari haijaanza.

Kiongozi wetu alikuwa kijana mtanashati, sauti nzuri, tabuleti mkononi. Alianza vizuri. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, wafanyakazi wapatao 32,000 wakaletwa kutoka India na karibu 2,500 kati yao wakafa kazini. Baba anatikisa kichwa kukubali, amefurahi. Kisha kijana akafungua picha ya injini kubwa ya mvuke aina ya Garratt, ile namba 5918 inayoitwa Mount Gelai. Baba aliitambua kabla hajasoma namba. Nilimwona anavyosimama wima.

Kijana akasema: hapa ndani faiaman alikuwa akichota makaa ya mawe kwa sepetu usiku kucha, tani kwa tani, mgongo unavunjika. Watu wakaguna kwa huruma.

Baba akainua mkono. Hapo ndipo panaponiuma zaidi. Mtu aliyekaribia miaka 80 aliinua mkono kama mtoto wa darasani, akangoja apewe ruhusa.

"Kijana wangu, hiyo haikula makaa. Ilichoma mafuta. Mafuta mazito, meusi."

"Asante, Mzee," kijana akasema, akarudi kwenye makaa yake. Akaeleza hata mikono ya faiaman ilivyokuwa na malengelenge kwa sababu ya sepetu. Baba akangoja amalize, akasema tena kwa upole kwamba yeye mwenyewe alikuwa faiaman, kwamba sepetu ilikuwepo lakini ya mchanga. Ndipo akaambiwa ile sentensi. Wawili watatu wakacheka. Baba akashusha mkono, akaniomba kofia yake, akaivaa.

Sasa mimi nauliza. Umeandika kwenye tangazo "historia hai". Historia hai ilikuwa imesimama mbele yako, imevaa koti la Jumapili, na wewe unaiambia haikusomea?

Ngoja niwaambie kile ambacho wale wageni wangesikia, maana mimi nimekisikia tangu utotoni. Yale mafuta mazito yakipoa hayatiririki, kwa hivyo kwanza yanapashwa moto. Yakifika tanuri yanapulizwa kwa mvuke, yanatawanyika kama ukungu, yanawaka yakinguruma. Faiaman anakaa mkono kwenye vali ya mafuta na jicho kwenye bomba la moshi. Moshi ukiwa mweusi tii, mafuta yamezidi, unachafua mirija na kupoteza mali ya shirika. Bomba likiwa halitoi chochote, hewa imezidi na boila, lile tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, inapoa. Unautafuta moshi mwepesi wa kijivu, na ukiupata unaulinda. Dreva akiongeza mvuke mlimani, wewe unaongeza mafuta sekunde hiyo hiyo, akifunga, unapunguza. Wakishaendesha pamoja mwaka mmoja hawaambiani kitu, faiaman anasikia tu pumzi ya injini.

Na ule mchanga? Masizi yanaganda ndani ya mirija ya boila, joto halipiti. Kwa hivyo injini ikiwa inavuta kwa nguvu, faiaman anachota mchanga kwa sepetu ndogo, anaupitisha kwenye tundu la mlango wa tanuri. Upepo wa ndani unaunyonya, unapita kwenye mirija ukikwangua, na bomba linatapika wingu jeusi. Mama alikuwa na ugomvi na wingu hilo kwa sababu ya nguo zake kambani. Hayo ndiyo aliyotaka kueleza kwa dakika mbili. Hakuomba kipaza sauti.

Tukaondoka. Njoro, Elburgon, Molo, baba kimya. Kawaida yake kwenye barabara hiyo ni kuhesabu stesheni kwa sauti. Sehemu hii ya Mau ndiyo iliyowatesa wajenzi: reli inapanda hadi zaidi ya mita 2,500, halafu inashuka kuelekea ziwani, na mabonde yake yalivukwa kwa madaraja ya chuma 27 yaliyotengenezwa Marekani. Ndiyo maana Garratt zilifaa kwenye njia kama hizi. Boila imening'inizwa katikati, magurudumu yako mbele na nyuma kwenye fremu zinazojipinda zenyewe, na dude lote refu linakata kona kama nyoka. Tulisimama Fort Ternan dakika kumi na tano za picha. Niliomba tuongezewe kumi baba afike ukingoni kutazama reli. Ratiba, nikaambiwa.

Nimtendee kijana haki, kuna mahali alinishinda. Tulipokuwa tunashuka, milima ya Nandi iko kulia, alisimulia jinsi Wanandi walivyoipinga reli, wakachukua nyaya za simu na vyuma vya njia kutengeneza mapambo na silaha, na jinsi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alivyoitwa kwenye mazungumzo ya amani tarehe 19 Oktoba 1905, akapigwa risasi na Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza. Alisimulia kwa uchungu wa kweli. Gari zima lilinyamaza. Nikaanza kumsamehe. Nikajiambia labda asubuhi aliamka vibaya, labda ana mkubwa wake anayemhesabia dakika.

Halafu nikamtazama baba, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, na hasira ikarudi maradufu. Unawezaje kumlilia mzee aliyenyamazishwa mwaka 1905 na asubuhi ya leo umemnyamazisha wa kwako?

Kisumu ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Tulionyeshwa bandari na stesheni ya zamani, tukaambiwa kuhusu tarehe 20 Desemba 1901, reli ilipofika ziwani na Florence Preston, mke wa msimamizi wa utandazaji wa reli, akagongelea msumari wa mwisho, mji ukaitwa Port Florence. Samaki mbichi, upepo wa ziwa, vitanda safi. Na usiku huo kikatokea kitu ambacho karibu kigeuze maandishi yangu yote.

Tulikuwa tunakula. Wanafunzi wawili wa chuo kutoka Eldoret, waliokuwa nasi kwenye gari, wakaja na viti vyao. "Shikamoo, Baba. Yale mafuta yalikuwa yanawashwaje mara ya kwanza, injini ikiwa baridi na mvuke hakuna?"

Baba alivua kofia. Aliwajibu kwamba unaazima mvuke, injini iliyo hai inasogezwa karibu na kuunganishwa na iliyokufa. Akageuza karatasi ya menyu, akachora Garratt: tangi la maji mbele, boila katikati, mafuta nyuma. Alichora kila vali. Wahudumu wakazima taa za upande wa pili, wakatuachia yetu. Tulilala saa sita kasoro. Sijamwona hivyo tangu msiba. Kama ningeandika usiku ule, ningewapa nyota zote na kusema hela yangu ilikuwa imelala pazuri.

Lakini kulikuwa na Kakamega.

Rosterman ulikuwa mgodi mkubwa mpaka ulipofungwa mwaka 1952. Dhahabu ilionekana Kakamega mwaka 1931, Wazungu wakamiminika, wengi wao wakulima walioumizwa na bei mbaya za mazao. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika ardhi yao daima, kipande kikichukuliwa watapewa kingine. Mwaka 1932 ikabadilishwa ili dhahabu ichimbwe na mwenye shamba alipwe pesa tu. Hilo kiongozi alilipita kwa sentensi moja, na pale ndipo palipostahili saa nzima, kwa sababu wajukuu wa wale walioondolewa ndio tuliowakuta wakiponda mawe.

Tulimkuta mama mmoja ameketi juu ya gunia, nyundo mkononi, rundo la mawe mbele yake. Kando kuna karai na kichupa cha zebaki, ile sumu ya kunasia dhahabu, na anaishika kwa mikono mitupu, jambo lililonitia hofu. Kiongozi akatuambia Waingereza waliondoka na dhahabu yote.

"Yote?" mama akauliza bila kuinua kichwa. "Na mimi nasomesha watoto kwa nini?"

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, akachukua tabuleti, akamwomba mama arudie, akaandika. Akaandika! Nilimtazama mpaka akaangalia pembeni. Kumbe anajua kurekebishwa. Mama alisikilizwa kwa sababu nyundo iko mkononi mwake. Baba vali yake aliiacha zamani, basi hakuna anachokijua.

Mama yule ndiye aliyemwita baba, akampa gunia lake akalie, akamsalimia kwa Kiluhya, wakaulizana koo. Baba akamwambia habari za zebaki, kwamba shedi pia walikuwa na vitu walivyovishika bila glavu na wenzake wengine hawakufika uzee. Mama alisikiliza. Hakusema kama ataacha.

Nilirudi nyumbani nimegawanyika. Nilikuwa nataka kuwaambia nendeni, njia ile ni ya kuonwa, mtajifunza mengi, vumilieni tu yule kijana. Nilikuwa nimeanza hata kuandika hivyo. Wiki hiyo hiyo ukaingia ujumbe wa kampuni kwenye simu. Wananishukuru. Wanaomba nyota tano. Na chini wananikumbusha kwa heshima kwamba safari ijayo wageni wa umri mkubwa wapewe maelezo mapema "ili wasikatize wasilishaji."

Basi nyota yangu ni moja, na hiyo ni ya dreva. Msiende nao. Au nendeni, lakini mkifika Nakuru muulizeni yule kiongozi ile injini ilikula nini, na akisema makaa, mrudishieni picha yake.

Pesa sitaki. Mkitaka kunirudishia kitu, mpigieni baba. Namba yake iko kwenye fomu niliyojaza, mstari wa pili. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, bado ana zamu mwilini. Ile menyu ameitundika ukutani juu ya redio, na amejaza majina ya vali zote kasoro moja, anasema inamjia akiwa amelala.