Tathmini ya ukurasa wa kumbukumbu mtandaoni tuliomfungulia mdogo wetu

Huduma za kurasa za kumbukumbu mtandaoni sasa ni nyingi, na kwa sehemu kubwa zinafanana: unafungua ukurasa kwa jina la marehemu, unapakia picha, unaandika wasifu wake, kisha unawatumia ndugu na marafiki kiungo ili nao waandike waliyo nayo moyoni. Familia yetu ilichagua mojawapo baada ya kufiwa na mdogo wetu, kijana wa miaka 27, na tathmini hii inaeleza pale huduma hiyo ilipotufaa na pale ilipotupungukia. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu mengi ya mapungufu yake niliyakuta pia kwa washindani wake nilipowapitia, na msomaji atafaidika zaidi akijua la kukagua kabla ya kulipa kuliko akijua wa kumlaumu.

Kwa maoni yangu, huduma ya namna hii haipimwi kwa uzuri wa rangi wala kwa muziki unaolia ukurasa unapofunguka. Inapimwa kwa jambo moja: mtu ambaye hakuwahi kumwona marehemu, akiusoma ukurasa wake hadi chini, awe amemfahamu. Kwa mzee aliyefanya kazi miongo mingi na kuacha vyeo na vyeti nyuma yake, karibu kila huduma itafaulu mtihani huo, maana wasifu unajijaza wenyewe. Kwa kijana kazi ni ngumu zaidi. Mdogo wetu hakuacha vyeo. Aliacha wapwa aliowalea tangu dada yetu mkubwa alipofariki, timu ya watoto ya mpira wa miguu aliyoifundisha bila malipo, na majirani wengi waliokuwa wamezoea kugonga mlango wake kwa shida zisizokuwa na mwenyewe. Mambo ya namna hiyo hayamo kwenye karatasi yoyote. Yamo kwa watu, na huduma isiyojua kuyatoa kwa watu itabaki na picha nzuri zenye maelezo matupu.

Kwa kipimo hicho, fomu ya wasifu ilianza vibaya. Inauliza elimu, ajira, tuzo na mafanikio, kwa mpangilio huo. Ukiacha sehemu bila kujaza, kichwa chake hubaki kwenye ukurasa na nafasi tupu chini yake, kana kwamba familia imetafuta la kuandika ikakosa. Sehemu hizo zinaweza kufichwa, lakini kwa kutumia kompyuta tu. Anayeujenga ukurasa kwa simu, kama wengi tulivyo, hatakiona kitufe hicho. Orodha ya jamaa nayo ni finyu mno: ina wazazi, mwenzi, watoto, kaka na dada, basi. Wapwa waliokuwa wakimsubiri mjomba wao kila jioni awakague kazi za shule waliwekwa na mfumo chini ya kundi la “wengine”. Tuliandika kwa wahudumu, wakajibu upesi na kwa adabu, ila hawakuwa na la kutufanyia. Hatimaye tuliifuta orodha yote na kuyaeleza mahusiano ndani ya wasifu wenyewe kwa sentensi za kawaida, na nadhani ndivyo inavyostahili kufanywa tangu mwanzo.

Kilichoiokoa huduma hii ni kitu ambacho matangazo yake yanakipitia juu juu, nacho ni maswali ya kuongoza. Mgeni anayefungua ukurasa ana njia mbili za kuacha neno. Ya kwanza ni kisanduku kitupu, chenye mchoro wa mshumaa wa kuwasha na orodha ya salamu zilizokwisha kuandikwa, ambazo mtu huchagua na kutuma bila kuongeza hata nukta. Ya pili ni maswali ambayo familia yenyewe huyatunga. Mwanzoni ilikuwapo njia ya kwanza peke yake, na ukurasa ukajaa “pumzika kwa amani” na “tutakukumbuka daima” hadi ukafanana na daftari la mahudhurio. Salamu hizo hazina ubaya wowote, na aliyefiwa hufarijika kuyaona majina. Lakini unaweza kuzisoma zote na usijue kama aliyefariki alikuwa mtu wa kucheka au wa kunyamaza. Shangazi yetu ndiye aliyesema, “Waulizeni aliwafanyia nini, msiwaulize wanajisikiaje.”

Tukatunga maswali matatu: mlijuana vipi, ni kazi gani mliwahi kuifanya pamoja, na ni jambo gani alilokuwa akilifanya ambalo sasa halina wa kulifanya. Swali hili la tatu ndilo lililoleta majibu marefu. Kijana aliyekuwa golikipa wa timu yake aliandika kwamba kocha alikuwa akibaki uwanjani baada ya mazoezi kushona nyavu zilizochanika, na kwamba mchezaji aliyechelewa kufika hakugombezwa wala kufukuzwa, bali alipewa sindano na uzi akae chini ashone pamoja naye. Golikipa huyo anakiri kwamba kuna siku alichelewa makusudi. Jirani mmoja mwenye umri mkubwa alieleza kuwa mdogo wetu alikuwa akimsomea maandishi madogo ya kwenye pakiti za dawa, kisha anazipigia mstari wa kalamu nyekundu zile za kumeza usiku. Mama, aliyeishi naye nyumba moja, hakuwa na habari hiyo. Katibu wa kikundi cha kusaidiana aliandika kwa lugha yake ile ile ya kumbukumbu za kikao kwamba mdogo wetu, aliyekuwa mtunza hazina wao, alikuwa akisoma hesabu kwa sauti mbele ya wanachama wote, hata katika miezi ambayo fedha zenyewe zilikuwa chache kiasi cha kumchekesha msomaji. Hayo ndiyo niliyotaka mgeni ayakute.

Lilikuja pia jibu ambalo halikuwa la sifa. Rafiki yake wa tangu shuleni aliandika kwamba mdogo wetu alikuwa mtu wa kununa, na akishanuna haombi radhi mpaka mwingine aanze. Huduma ilimpa msimamizi uwezo wa kulizuia jibu hilo, na baadhi yetu tulitaka lizuiwe. Mama akasema liachwe, kwa kuwa ni kweli na kila mtu anajua ni kweli. Sasa naona jibu hilo linayafanya mengine yaaminike.

Uwezo huo wa kuzuia ni wa lazima, na familia isikubali huduma isiyokuwa nao. Hapa kila kinachoandikwa hupita kwanza kwa msimamizi kabla ya kuonekana, na wasimamizi wanaweza kuwa zaidi ya mmoja. Tuliuhitaji pale mtu alipoandika kwa kina jinsi ajali ilivyotokea, na pale mwingine alipotumia ukurasa kudai deni. Deni tulilishughulikia nje ya ukurasa. Nililopenda ni kwamba mfumo unamruhusu msimamizi kumwandikia mhusika faragha na kumwomba arekebishe maneno yake, badala ya kuyafuta kimya kimya akabaki ameumia. Nisilolipenda ni kwamba maneno yanayosubiri huonekana kwa kila msimamizi pindi yanapofika, bila onyo lolote, na mzazi anayeomba kuwa msimamizi atayakuta yote hayo ghafla. Wasimamizi wawe ndugu wanaoweza kuhimili; wazazi wapewe ukurasa uliokwisha kupitiwa.

Kwa upande wa sauti na picha, huduma iko nusu njiani. Mtu anaweza kurekodi moja kwa moja ndani ya ukurasa bila kupakua programu, na wazee wasiopenda kuandika walilifurahia hilo kuliko kitu kingine chochote. Tatizo ni kwamba sauti nyingi za thamani zilikuwa tayari ndani ya simu, zikiwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Ujumbe huo huhifadhiwa kwa umbo la Opus, na huduma hii inapokea MP3 peke yake, hivyo kila faili ilibidi kwanza ibadilishwe kwa programu nyingine. Kijana anayejua simu atafanya hivyo kwa dakika chache, ila huduma inayojitangaza kuwa ni ya kila mtu isingemwachia mfiwa kazi hiyo. Kuhusu picha, ushauri wangu unahusu zaidi wanaozituma: picha inayotumwa kwa njia ya kawaida kwenye WhatsApp hupunguzwa ukubwa, kwa hiyo waombeni ndugu wazitume kama faili. Kwenye skrini tofauti hiyo haionekani, lakini familia ikitaka baadaye kuchapisha kijitabu, picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji takriban pikseli 1,200 kwa 1,800 ili itoke safi. Huduma inatoa kijitabu cha aina hiyo kutokana na ukurasa, na chetu kilitoka vizuri, isipokuwa ukurasa wa mbele uliokuwa na njiwa ambao hatukuwaomba.

Kosa kubwa kuliko yote liko kwenye barua pepe za kukumbusha. Mfumo unajua tarehe ya kuzaliwa ya marehemu, na siku ilipofika ulimtumia kila aliyejiandikisha ujumbe wa shangwe wenye maputo, ukiwaalika “kusherehekea pamoja naye”. Haikuwa hitilafu, maana ndivyo ulivyotengenezwa, na mpangilio wa kuuzima uko ndani kabisa ya ukurasa wa akaunti mahali ambapo hakuna mfiwa atakayefikiria kutafuta. Zimeni vikumbusho vyote siku ile ile mnapofungua ukurasa, kisha mwashe mnavyovitaka.

Wapo watakaouliza kwa nini tulipe wakati marehemu alikuwa na akaunti ya Facebook. Swali ni la haki. Facebook hubadilisha akaunti ya aliyefariki kuwa ya kumbukumbu familia ikiomba na kuonyesha uthibitisho wa kifo. Akaunti hiyo haifunguliwi tena na yeyote, na haimtokezei tena mtu katika vikumbusho vya siku za kuzaliwa. Tangu 2015 mtu anaweza, akiwa hai, kumteua wa kuisimamia baada yake, ambaye ataweza kubadilisha picha na kusimamia salamu za rambirambi, lakini hataweza kusoma ujumbe wa faragha. Kijana wa miaka 27 hateui mtu wa namna hiyo. Mdogo wetu hakuteua. Bila mteule, akaunti hubaki kama alivyoiacha: inafaa kutembelewa, haifai kukusanyia habari za wapwa, za timu na za jirani wa dawa. Vitu viwili hivi havishindani, na sisi tumeviunganisha kwa kiungo. La haraka zaidi ni akaunti ya Google, kwa wenye picha humo, kwa sababu kampuni hiyo ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Ombeni mapema.

Huduma huuza pia kibao cha chuma chenye msimbo wa QR cha kubandikwa kaburini, ili mpita njia ausome kwa simu na kufika kwenye ukurasa. Muuzaji husifu sana uimara wa chuma. Kwa kweli msimbo wa QR umeundwa uweze kusomeka hata sehemu yake ikiharibika, hadi takriban asilimia 30 ukitengenezwa kwa kiwango cha juu kabisa, kwa hiyo mikwaruzo si jambo la kuogopesha. Cha kuogopesha ni anwani iliyomo ndani ya msimbo. Ikiwa ni anwani ya kampuni, kampuni ikifungwa au ikibadilisha jina, kibao kitabaki kinang'aa na hakielekezi popote. Tuliomba msimbo wenye anwani ya tovuti iliyosajiliwa na familia, inayompeleka msomaji kwenye ukurasa popote utakapohamishiwa, na kwa sifa zao walikubali bila ubishi. Kama wangekataa, tusingenunua.

Wasiwasi huo huo unahusu kifurushi cha malipo ya mara moja kinachoitwa cha kudumu. Kampuni haiwezi kuahidi kudumu kuliko inavyodumu yenyewe, na masharti ya huduma yanasema hivyo wazi katika aya ambayo wachache huifikia. Lipeni kwa mwaka. Kabla ya hapo, jaribuni kitufe cha kupakua. Hapa kipo na kinafanya kazi: kinatoa folda moja yenye picha kwa ukubwa wake wa awali, sauti zote, na maandishi pamoja na majina ya walioyaandika na tarehe. Majibu ya maswali ya kuongoza hutoka kwa faili tofauti na swali halirudiwi juu yake, kwa hiyo andikeni maswali yenu mahali pengine. Washindani wawili niliowajaribu hawakuwa na kitufe hicho kabisa, na hilo peke yake lilinitosha kuwaacha.

Kwa familia iliyofiwa na mtu ambaye maisha yake yalikuwa kwa watu zaidi ya kwenye karatasi, na yenye ndugu wawili walio tayari kupitia kila kinachoandikwa, ninaipendekeza huduma hii, mradi maswali ya kuongoza yatungwe kabla kiungo hakijasambazwa. Kwa familia inayotaka tu mahali pa kupokelea rambirambi, ukurasa wa bure wa mtandao wa kijamii utatosha. Sisi tumelipia mwaka wa pili, vikumbusho vimezimwa, na mpwa wetu mkubwa ndiye mwenye nenosiri na nakala ya folda nzima.