Chakula dawa cha pakiti kwenye kliniki za Uganda: mtoto anahudumiwa vizuri, mama bado

Pakiti yenyewe inatosha kwenye kiganja: gramu 92, kalori 500. Ndani mna karanga zilizosagwa laini, maziwa ya unga, sukari, mafuta ya mimea, vitamini na madini. Iliyotangulia ni Plumpy'Nut ya Ufaransa; Uganda nayo ina RUTAFA, ya aina hiyohiyo. Mtoto wa mama anayeishi na VVU akikutwa na utapiamlo mkali, hiki ndicho anachopewa kwenye vituo vingi vya afya, bila malipo.

Kama bidhaa, ni nzuri sana. Haipikwi wala haichanganywi na maji, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Maji ya jerikeni yakiingia kwenye uji uliopoa, vijidudu huzaana upesi na mtoto huharisha. Kwenye pakiti hii havipati maji ya kuzaliana. Ndiyo maana inaweza kukaa kwenye nyumba isiyo na friji wala kuni za kutosha, kwenye kambi za wakimbizi za Nakivale au Kyangwali, na iliyobaki ikakunjwa mdomo na kuliwa siku hiyohiyo.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mhudumu huanza na utepe wa mkono. Chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu, ni utapiamlo mkali. Kuanzia hapo hadi chini ya 12.5, njano, ni wa kadiri. Halafu hubonyeza kwa dole gumba juu ya miguu yote miwili kwa sekunde 3. Shimo likibaki pande zote mbili, huo ni uvimbe wa utapiamlo, hata kama utepe unasoma kijani. Hatua hii hurukwa mara nyingi foleni ikiwa ndefu, na ni kosa kubwa, kwa sababu mtoto aliyevimba huonekana mnene. Mama, mvue mtoto soksi mwenyewe na uombe aangaliwe miguu.

Kinachofuata ni kipimo cha hamu ya kula. Mtoto hukaa mapajani pa mama, mahali palipotulia, wameshanawa mikono kwa sabuni, anapewa pakiti na maji safi kwenye kikombe. Asilazimishwe. Asipokula kiasi kinachotakiwa, au akiwa anatapika kila kitu au amelegea, si wa kurudi nyumbani na pakiti, alazwe.

Dozi hufuata uzito. Mtoto wa kilo 5 hula pakiti 2 kwa siku, wa kilo 7 hula 3, wa kilo 10 hula 4. Kwa hiyo wa kilo 7 anayerudi baada ya wiki mbili aondoke na pakiti 42. Zihesabu pale dirishani, si njiani. Nyumbani, bonyezabonyeza pakiti kabla ya kuifungua, maana mafuta hupanda juu; usipofanya hivyo mtoto ananyonya mafuta matupu na kuikataa. Kata pembe moja, umpe kidogo kidogo, na maji ya kunywa kila mara kwa sababu chakula hiki kina chumvi na sukari na huleta kiu. Mtoto anayenyonya aanze na titi, kisha pakiti, na chakula cha familia mwishoni.

Mambo huharibika wapi? Kwanza, kugawana. Pakiti 3 za siku zikigawiwa watoto watatu, hakuna anayepona, na kadi itaonyesha uzito uleule kila ziara. Si uchoyo wa mama wala ujinga. Mgao wa chakula makambini umepunguzwa zaidi ya mara moja, na hakuna mzazi anayeweza kumlisha mmoja huku wengine wakitazama. Mhudumu akiona uzito umesimama, aulize kwanza habari ya nyumbani, kwa upole, halafu atazame utando mweupe mdomoni, achunguze kifua kikuu, na ahakikishe hali ya VVU ya mtoto inajulikana. Mtoto mwenye VVU asiyeanzishiwa ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi, hatanenepa kwa karanga peke yake.

Pili, kumpa mtoto wa chini ya miezi 6. Hapana kabisa. Huyo ni wa maziwa ya mama tu, bila maji wala uji, kwani kuchanganya vyakula katika umri huo huongeza hatari ya virusi kupita kutoka kwa mama. Akikonda, asaidiwe mama kunyonyesha, na mtoto aonwe na daktari. Tatu, kuhamishia chakula hiki kwenye kopo ili majirani wasione pakiti. Sababu tunaielewa vizuri, ila kipimo hupotea na uchafu huingia. Afadhali kliniki itoe mfuko usioonyesha kilichomo ndani.

Karanga za kusaga za sokoni, hata odii ya kaskazini yenye ufuta, ni chakula kizuri ila si mbadala wa dawa hii: hazina maziwa wala madini yaliyopimwa, na karanga zilizohifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini.

Mtoto akishatolewa kwenye pakiti, mrithi wake ni kitobero, kile kinachofundishwa Mwanamugimu, kitengo cha lishe cha hospitali ya Mulago, Kampala. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kumenywa, matoke au viazi, mukene (dagaa) uliopondwa, majani ya dodo (mchicha): vyote vinafungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke hadi maharage yavunjike kwa vidole, kisha vinapondwa humohumo.

Pakiti tunaipa 9 kati ya 10. Huduma ya mama, 5.

Mara nyingi mama huambiwa "kula mlo kamili" na kupewa tarehe ya kurudi. Mwili wenye VVU, hata bila dalili, unahitaji nishati zaidi kwa karibu asilimia 10, na kunyonyesha huongeza kama kalori 500 kwa siku. Kalori 500 ni gramu 90 hivi za karanga zilizokaangwa, zaidi kidogo ya nusu kikombe cha chai. Maelezo ya namna hiyo ndiyo yanayotakiwa dirishani: kikombe, kiganja, kijiko. Aambiwe pia kwamba akimeza ARV bila kukosa ananyonyesha angalau miezi 12, na anaweza kuendelea hadi 24 au zaidi, huku mtoto akipimwa kwenye wiki ya 6, mwezi wa 9, wiki 6 baada ya kuacha titi, na miezi 18. Wapo wanaoachisha mapema kwa hofu, na watoto wao ndio wanaorudi na utepe mwekundu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mama mjamzito anapaswa kuelezwa waziwazi. Dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge cha ARV, hunaswa tumboni na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu. Akiwa na chakula, anaweza kuvimeza pamoja na mlo. Bila chakula, ARV itangulie kwa saa 2, au isubiri saa 6 baada ya madini. Kwa mama asiye na uhakika wa mlo, njia rahisi ni kuvitenganisha kabisa: madini saa 2 asubuhi, ARV saa 2 usiku. Mwombe nesi aziandike saa zote mbili kwenye kadi.