Kruzi yetu ya Durban: maneno ya bahari tuliyajua, ya pesa ndo yalitupiga

Tangu Disemba kila nikikaa barazani mtu ananiuliza ivi ile meli ilikuaje, na nimechoka kurudia, kwa hivo naandika mara moja mtu akiuliza namtumia. Kampuni siitaji jina, sitaki maneno na mtu.

Ilikua kruzi, yani matembezi kwa meli, ya usiku tatu, kutoka Durban kwenda Portuguese Island, kile kisiwa kidogo cha Msumbiji kilicho karibu na Inhaca, halafu kurudi Durban. Binamu yangu anafanya kazi kule, akasema mlete baba apumzike. Baba yake ndo ami yangu, ana miaka 71, na ujana wake wote alikua nahodha wa jahazi, akibeba boriti za mikoko kutoka Lamu mpaka Mombasa na kwengineko. Viza hatukuhangaika, Mkenya siku hizi anaingia Afrika Kusini siku 90 bila viza tangu Januari 2023, we beba tu pasi yako na ile kadi ya homa ya manjano maana hiyo wanaiuliza kweli.

Sasa kabla ya safari mimi nikawa nasoma maneno ya meli kwenye simu kama mtu anayesomea mtihani, naogopa nisije nikaonekana mshamba. Poti ni kushoto ukiangalia mbele, sitabodi ni kulia, taa nyekundu kushoto, taa ya kijani kulia. Namsomea ami pale Mokowe, kule bara tunakovuka kwa boti kutoka Lamu, tukisubiri basi, ananisikiliza tu, mwisho akaniambia "mwanangu, hayo wanifundisha mimi?" Nikanyamaza. Ila kuna kitu aliniambia baadae ndani ya meli nikakipenda sana. Sisi kwenye jahazi upande unauita kwa upepo, goshini ndo upepo unakotoka na demani ndo unakokwenda, kwa hivo ukigeuza tanga na pande zimebadilika. Hawa wazungu poti na sitabodi zao zinafuata chombo chenyewe, si upepo, ndo maana kushoto kwao ni kushoto milele. Hilo neno sitabodi lenyewe lilianza zamani wakati usukani wao ulikua kama kasia kubwa upande wa kulia, na ili usivunjike gatini wakawa wanafunga chombo kwa upande wa kushoto, upande wa bandari, ndo poti hiyo. Jeshi la majini la Uingereza liliamuru neno poti litumike mwaka 1844 kwa sababu lile la zamani, labodi, lilikua linafanana mno na sitabodi, na kukiwa na dhoruba mtu anapiga kelele nusu hawasikii vizuri wanageuza kinyume. Ami alicheka mpaka akakohoa.

Omo, yani mbele ya chombo, wao wanaita fowadi, na tezi, yani nyuma, wanaita afti. Ukishayajua hayo mawili na ya kati, midishipu, hupotei, maana namba za milango na lifti zote zinafuata hivo. Sitaha wanaita deki na zinahesabiwa kama ghorofa. Basi, hapo kwenye bahari tulikua tumemaliza.

Tukaja kwenye pesa.

Neno la kwanza lililotupiga ni garanti. Kwenye mtandao bei ilikua elfu 38 kwa kichwa, kabini ya ndani, garanti. Mimi nikasikia garanti nikajua nimehakikishiwa, yani nimepata kitu kizuri. Kumbe maana yake wewe umehakikishiwa kitanda tu, kabini gani na wapi wanachagua wao, tena siku za mwisho mwisho baada ya wanaolipa zaidi kuchagua. Tukapewa kule omoni kabisa, juu. Na mtu yoyote wa Lamu anajua omo unavofanya kukiwa na mawimbi, unapanda unashuka unapanda unashuka, ukitaka kutulia kaa katikati na chini. Usiku wa kwanza tulipotoka Durban tunapanda kaskazini, mkondo wa Agulhas unashuka kusini unatukuta uso kwa uso, na mawimbi nayo yapo. Meli hizi zina mabawa chini ya maji yanayozuia mrama, yani kulala ubavu huku na huku, na kweli ubavuni haikulala sana, lakini kupanda na kushuka kwa omo hayo mabawa hayasaidii kitu. Mimi nilitapika mara mbili. Ami hakutapika ila hakulala, kisa kabini ya ndani haina dirisha. Saa nane usiku namkuta amekaa kitandani taa imewaka. "Mato yangu hayaoni nyota, nitajuaje twenda wapi?" Nikamwashia televisheni, kuna chaneli inaonyesha ramani na meli imeelekea wapi na inakwenda noti ngapi. Noti moja ni kilomita 1.85 na ushee kwa saa, sisi tulikua kwenye 15. Tangu hapo ile chaneli haikuzimwa, na ndo ilitusaidia kupata kibla pia, maana kule Makka iko kaskazini imelalia mashariki kidogo, unaangalia omo umeelekea wapi unajipanga. Ukianza rakaa meli ikageuka, basi Mungu anajua nia.

Neno la pili, folio. Ndani ya meli hakuna kesh, wala Mpesa usiitaje. Wanakupa kadi moja, hiyo ndo ufunguo wa kabini, ndo kitambulisho cha kutokea na kuingia, ndo ya kununulia. Unaipiga pale ping, unachukua soda, unasahau. Folio ndo daftari la deni lako, kama la duka la mtaani vile, tofauti mwenye duka hana aibu. Chai, kahawa na maji pale bafe ni bure, soda na juisi unalipa, na juu yake wanaongeza asilimia ya huduma. Halafu kuna bakshishi inakatwa kila siku kwa kila kichwa, utake usitake, imo kwenye maandishi madogo. Mimi usiku wa mwisho naletewa karatasi naona deni halafu ami hajanunua hata peremende. Nikaenda risepsheni nimefura, yule dada akanionyesha pale nilipotia tiki mwenyewe. Basi. Hapo kosa ni langu, lakini bei ya tangazo ingekuja na hiyo hela ndani yake ningewaheshimu zaidi.

La tatu, tenda. Nilicheka hapa maana kwetu tenda ni mambo ya kaunti. Kwao tenda ni boti ndogo ya kushusha watu pale ambapo meli kubwa haiwezi kufunga gatini, inatia nanga nje mnavushwa, kama vile sisi na boti za Mokowe. Portuguese Island haina gati ya meli kubwa. Siku yenyewe asubuhi spika inasema tenda zimesitishwa, mawimbi. Jamani, watu walivolalamika! Wengine wanasema mbona bahari shwari. Ami akasimama kwenye reli ya deki akaangalia, akaniambia huyu nahodha ana akili, tatizo ni kuruka kutoka ngazi kwenda botini wakati kimoja kinapanda na chengine kinashuka, mguu unabaki katikati. Kwa hivo kisiwa tulikiona kwa macho tu. Hela ya matembezi tuliyonunua kwenye meli ilirudi kwenye folio, nauli yenyewe hairudi hata shilingi, mkataba unawaruhusu kuruka bandari. Kama unakwenda kwa ajili ya kisiwa, jua hilo mapema, yani we lipa kwa ajili ya meli, kisiwa kikija ni bahati.

Mazuri yapo, nisiwe mchoyo. Chakula kingi, ukiuliza halali wanakuitia mkubwa wa ukumbi anakuonyesha kipi ni kipi, sisi tulikula zaidi samaki na mboga. Usafi mia kwa mia. Na masta, lile zoezi la kukusanyika kwenye kituo chenu na kuonyeshwa jaketi la kuokolea, msilikimbie. Honi inalia mara saba fupi na moja ndefu. Siku hizi linafanywa kabla meli haijaondoka au mara tu ikiondoka, na sababu kubwa ni Costa Concordia, ile iliyogonga mwamba kisiwa cha Giglio Italia tarehe 13 Januari 2012 wakafa watu 32, na abiria waliopanda siku hiyohiyo walikua bado hawajafanya zoezi. Ami alilifanya kwa adabu zote, akawanyamazisha na vijana waliokua wanapiga selfi.

Kitu kingine kidogo, saa. Simu yetu ya Kenya inatangulia saa moja, na meli ina saa yake. Wakiandika ol abodi, maana yake wote muwe ndani, fuata saa ya meli, haisubiri mtu.

Wakati wa kuingia Durban ami aliamka mapema akanivuta dekini kuangalia mtu mmoja anapanda meli kwa ngazi ya kamba kutoka botini. Paileti, nikasema mimi. Ami akanikata: huyo ni rubani, neno hilo lilikua letu baharini kabla ndege hazijazaliwa.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Nikienda tena nalipa zaidi nichague mwenyewe kabini ya katikati, deki ya chini, yenye dirisha, na pombe sinywi kwa hivo kifurushi chao cha vinywaji wasinipigie simu. Ami anasema yeye tayari hata wiki ijayo, sharti kitanda chake kiangalie omo.