TAHADHARI: Anayeuza revolva ya mashindano "iliyotumika kidogo" ameniliza dola 850

Wakuu, habari zenu. Naandika kwa ndugu zetu walioko Marekani wanaoshiriki mashindano ya shabaha, hasa nyinyi mnaoanza sasa na mnatafuta revolva ya mkono wa pili ili msitoboe mfuko. Kuna mtu anauza revolva ya Smith & Wesson 686 mtandaoni, anasema ni "ya mashindano, imetunzwa". Mimi nipo Texas, yeye yupo jimbo jingine. Jina lake silitaji kwa sababu malalamiko yangu bado yanashughulikiwa, na isitoshe majina anayotumia yanabadilika. Nitaeleza anavyofanya kazi, ili ukikutana naye umjue kwa mwendo wake.

Wapo watakaosema nilijitakia kwa kununua kitu chakavu. Hapana. Revolva iliyochakaa si revolva mbaya. Hii 686 ilitoka mwaka 1980, na ilitengenezwa kwa sababu fremu ndogo iliyoitangulia, ile ya Model 19, ilikuwa ikipigishwa risasi kali za .357 Magnum mfululizo, mdomo wa nyuma wa mtutu unapata ufa. Wakaongeza chuma pale palipokuwa pembamba. Na sisi wa mashindano hatupigi magnum siku nzima, tunapiga risasi nyepesi za .38 Special. Kwa hiyo utakuta 686 imekwaruzwa kila mahali, silinda (gurudumu lenye matundu ya risasi) ina mstari uliochorwa na kizuio, kile kichuma kinachoifunga isizunguke, mpini umelika, lakini ndani ni nzima kabisa. Klabuni kwetu kuna mzee ana ya kwake tangu miaka ya themanini, ukiivuta inateleza kama imepakwa siagi. Ningeuziwa ile na mikwaruzo yake yote ningeshukuru.

Tatizo langu ni mtu aliyejua fika ubovu uko wapi, akakaa chini akaufunika.

Picha alizotuma zilikuwa tano, zote za ubavu wa kushoto, zimeng'arishwa kama kioo. Nikaomba picha ya silinda ikiwa imefunguliwa, akatuma video ya sekunde saba: anavuta kifyatulio haraka haraka, tak tak tak, nyundo inaanguka, basi. Nikamwambia naomba avute nyundo polepole nisikie kizuio kikiingia, akasema simu inazima. Nikamuuliza kuhusu herufi M. Hapa nifafanue kidogo: 686 za mwanzo, zile zisizo na kistari baada ya namba na zile za 686-1, kiwanda kiliziita mwaka 1987 zifanyiwe marekebisho, kwa sababu kwa risasi za aina fulani silinda ilikuwa inakwama. Iliyorekebishwa inagongwa M karibu na namba ya modeli, pale silinda inapofungukia. Akanijibu, "Ndiyo, ilishafanyiwa." Haikufanyiwa. M haipo.

Malipo nikataka kutuma kwa hundi ya posta, akakataa. Akasema hundi zinachelewa, kuna mnunuzi mwingine anasubiri, nitume kwa Zelle, huduma ya kutumiana pesa papo hapo kati ya benki, tena kwa akaunti yenye jina la mtu mwingine anayedai ni shemeji yake. Nikatuma. Pesa ikishapita njia hiyo na umeituma mwenyewe kwa hiari yako, benki yangu ilinieleza wazi kwamba hawana pa kuirudisha.

Jambo jingine alilopendekeza, na hili ndilo lililopaswa kunifukuza kabisa: aniletee mzigo moja kwa moja nyumbani, "tuokoe ada ya duka". Ndugu zangu, hiyo ni kosa la jinai la serikali kuu. Mtu wa jimbo moja asiye na leseni hauzi bastola kwa mtu wa jimbo jingine bila kupitia kwa muuza silaha mwenye leseni, tangu sheria ya mwaka 1968. Nilikataa, ikaletwa kwenye duka karibu na kwangu, nikalipa dola 30 za huduma.

Pale dukani ndipo nilipokosea, na ndipo nataka msome kwa makini. Nilikuwa natoka kazini, nimechoka, na mashindano yalikuwa Jumamosi. Nikajaza fomu 4473, ile ya serikali kuu ya mnunuzi wa silaha, uhakiki wa rekodi zangu ukapita, nikaichukua. Sikuikagua mezani. Ukishaweka sahihi na silaha ikahamishiwa kwako, ni yako. Kumrudishia mtu wa jimbo jingine lazima ipitie tena kwa mwenye leseni, na muuzaji lazima akubali. Lakini kabla ya fomu, silaha iko mikononi mwa duka, nawe una haki ya kuomba uiangalie na kusema siitaki. Wenye maduka wengi wanaelewa, waombe kwa adabu.

Jumamosi, raundi ya kwanza niliona nyundo inaanguka, risasi haiwaki. Mbili kati ya sita. Raundi ya pili msimamizi wa usalama aliyesimama kuliani kwangu akashika shavu: kipande cha risasi kimemkata, damu inatoka. Kilikuwa kimeruka pembeni, kwenye nafasi kati ya silinda na mtutu. Alikuwa na miwani, namshukuru Mungu. Sentimita chache juu, na bila miwani, leo ningekuwa naandika habari nyingine. Wakaitoa bastola yangu mstarini palepale, na walifanya sawa.

Fundi aliifungua mbele yangu. Kwanza, skrubu ya chini ya mpini, ile inayokaza springi ya nyundo, ilikuwa imesagwa ikawa fupi. Ndiyo maana kifyatulio kilikuwa chepesi na kitamu, na ndiyo maana fataki, zile za kitako cha risasi zinazogongwa ili kuiwasha, zilikuwa haziwaki. Watu wa mashindano hulegeza springi, ni kawaida, na ndiyo maana wengi hutumia fataki za kampuni ya Federal kwa kuwa ni laini. Ila huwezi kulegeza mpaka ukapita kiasi kisha ukamuuzia mwenzako bila kumwambia.

Pili, sehemu ya silinda inapozungukia ilijazwa grisi nzito. Grisi ile ilikuwa inaficha mchezo, yaani kulegea kwa silinda mbele na nyuma, kwa hiyo ukiisukuma dukani huhisi kitu. Ikipata moto wa risasi ishirini inalainika, na silinda inaanza kucheza. Nafasi kati ya silinda na mtutu, ambayo kwa kawaida huwa inchi 0.004 hadi 0.010, ilizidi hapo. Na kwenye matundu mawili silinda ilikuwa haijafika mahali pake nyundo inapoanguka. Risasi inaingia mtutuni upande upande, ukingo unanyolewa, kipande kinaruka. Hicho ndicho kilichomkata yule bwana.

Tatu ndiyo iliyomnyamazisha fundi. Alikoki nyundo, yaani aliivuta nyuma hadi ikashika, bastola tupu, akaisukuma kwa dole gumba kutoka nyuma bila kugusa kifyatulio. Ikaanguka. Mtu alisugua pembe inayoishikilia nyundo hadi ikawa haishiki. Bastola ya namna hiyo inaweza kufyatuka yenyewe mkononi mwa mtoto wako.

Basi ukienda kukagua, fanya hivi, na usione haya hata muuzaji akinuna. Fungua silinda, tazama matundu yote sita kwa macho, ingiza na kidole, hakikisha ni tupu. Omba ruhusa ya kufyatua tupu. Futa grisi kwa kitambaa kisha ndiyo usukume silinda mbele na nyuma. Koki polepole sana huku kidole kikiigusa silinda kuikawiza kidogo, tundu kwa tundu, yote sita. Kizuio lazima kilie "tik" kikiingia kabla nyundo haijafika mwisho. Usikubali kupima moja mbili, kwangu manne yalikuwa mazima. Kisha jaribio la dole gumba nililolieleza. Mulika tochi kwenye mdomo wa nyuma wa mtutu utafute ufa, na angalia fremu juu yake kama moto umechimba. Geuza mpini usome namba ya silaha, maana mipini mikubwa ya mpira ya mashindano huifunika chini. Fungua skrubu uione, na ilingane na ile iliyo kwenye makubaliano. Silinda ukiifunga ikiwa nzito upande mmoja, inawezekana mtu alikuwa akiibamiza kwa kukunja kiganja kama kwenye sinema, na kile chuma kinachoibeba silinda ikifunguka kimepinda.

Neno moja kwa wenzetu wasio raia. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua akitimiza masharti mengine. Aliyeko kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa masharti maalumu kama leseni ya uwindaji. Huyu jamaa aliwahi kumshauri kijana mmoja ninayemfahamu, wa viza ya masomo, atafute rafiki raia amnunulie. Tafadhali msithubutu. Kumnunulia mtu asiyeruhusiwa ni jela kwa wote wawili, na kwa mwenye viza ni kupoteza kila alichokijia huku.

Matengenezo yamenigharimu dola 340 juu ya zile 850: nyundo na kifyatulio vipya, kidole kinachosukuma silinda, vipete vyembamba (washer) vya kuondoa mchezo, skrubu ya urefu wake. Sasa inapiga vizuri. Muuzaji nilimtumia picha za fundi moja baada ya nyingine, akajibu "iliuzwa kama ilivyo", kisha akanifungia.

Nimepeleka malalamiko IC3, kituo cha FBI cha malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni, na kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lake. Wiki iliyopita nimeona tangazo jipya: picha nyingine, sentensi zilezile hadi makosa ya tahajia, na video ya sekunde chache. Kama umeuziwa na mtu wa namna hii, au kwa sasa unaongea naye, nitumie ujumbe. Nina nakala za mazungumzo yote, risiti ya malipo na maelezo ya fundi yaliyotiwa sahihi, na nitakupa uambatishe kwenye malalamiko yako.