Chokaa ya NHL 3.5 kwa nyumba ya mawe ya Cotswolds: ni nzuri, ila si kwa kila ukuta

Nyota nne kati ya tano kwa chokaa hii ya kujazia maungio ya mawe (NHL ni natural hydraulic lime, chokaa asilia inayoganda kwa maji), na hiyo moja imepotea kwa sababu ya namba iliyoandikwa kwenye mfuko.

Nyumba za kale za wakulima huko Cotswolds, Uingereza, zina kuta nene, mara nyingi sentimita 45 hadi 60: mawe ya chokaa nje na ndani, katikati kifusi na udongo. Hazina kizuizi cha unyevu. Mvua huingia, kisha hutokea kwenye maungio. Ukiziba maungio hayo kwa saruji, maji hulazimika kutokea kwenye jiwe lenyewe, na baridi ikija yanaganda na kulibandua uso. Kuta za namna hiyo utazitambua kwa mbali: mawe yameliwa yakarudi ndani, saruji imebaki imetokeza kama sega la nyuki. Inauma kuona.

Sasa hiyo namba. Wengi husoma 3.5 wakadhani ndio ugumu wenyewe. Kwa EN 459, kiwango cha Ulaya cha chokaa ya ujenzi, ni nguvu ya chini kabisa ya kuhimili mgandamizo baada ya siku 28, kwa megapaskali. Mfuko unaweza kufika megapaskali 10 na bado ukakubalika. NHL 2 ni kati ya 2 na 7. Kwa mawe laini ya Cotswolds, ukuta wa kawaida upewe NHL 2. Hii 3.5 iwekwe kwenye dohani na pande zinazopigwa sana na upepo wa mvua.

Kipimo ni ndoo moja ya chokaa kwa mbili na nusu za mchanga mkali wenye chembe ndogo na kubwa. Mchanga laini wa kupigia lipu hufanya mchanganyiko usinyae na kupasuka. Maji yawe kidogo: ukifinyanga donge mkononi, lishikamane bila kuchuruzika. Usiongeze saruji hata kijiko.

Chimbua maungio kwa patasi, kina kisipungue milimita 25. Ondoa vumbi, lowesha, kisha shindilia kwa mwiko mwembamba kuliko ungio. Usipake juu ya jiwe. Subiri hadi kidole gumba kisizame lakini ukucha uache alama, ndipo ugongegonge kwa brashi ngumu: nyufa ndogo hufunga na chembe za mchanga hujitokeza.

Kazi nyingi huharibikia hapa, kwenye ukaushaji. Jua na upepo vikiiwahi, chokaa hubaki unga unaofutika kwa kidole. Funika kwa magunia yenye unyevu kwa siku kadhaa, wala usianze kazi ikiwa joto litashuka chini ya nyuzi 5.

Nyumba ikiwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, muone kwanza afisa uhifadhi wa halmashauri. Kubadilisha sura yake bila kibali ni kosa la jinai. Vaa miwani na glavu, chokaa huunguza. Mfuko uliofunguliwa ufungwe vizuri, maana unyevu wa hewani tu unatosha kuugandisha.