Skeli gani kwa modeli za ndege? Nimejenga 1:32, 1:48, 1:72 na 1:144, na haya ndiyo maoni yangu

Kila anayetaka kuanza kujenga modeli za ndege za plastiki huuliza aanze na skeli gani, yaani modeli iwe ndogo mara ngapi kuliko ndege halisi: katika 1:72 ni ndogo mara 72. Mimi humuuliza kwanza: ndege kubwa kuliko zote unayoitamani kabatini mwako ni ipi? Akiitaja, tunagawanya upana wa mabawa yake kwa skeli, halafu tunachukua futikamba na kupima rafu. Wengi hufanya kinyume. Huipenda ndege moja ndogo ya kivita, wakainunua katika skeli inayowavutia dukani, kisha ndege ya pili na ya tatu zinakosa pa kukaa.

Chukua Spitfire Mk I, ndege ndogo ya kivita. Mabawa yake ni mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha. Katika 1:72 inatoka sentimita 15.6, unaishika kiganjani. Katika 1:48 ni sentimita 23.4, na katika 1:32 ni 35. Hapo zote zinabebeka. Sasa chukua Lancaster, ndege ya mabomu yenye injini nne na mabawa ya mita 31. Katika 1:72 ni sentimita 43, katika 1:48 ni 65, na katika 1:32 inakaribia mita nzima. Mimi naishi Dar es Salaam kwenye nyumba ya kupanga, na kabati langu la vioo lina kina cha sentimita 45. Lancaster ya 1:72 inaingia. Ya 1:48 haiingii hata ukiikalisha mshazari.

Jambo la pili ni rangi. Ukihama kutoka 1:72 kwenda 1:48, urefu unaongezeka mara moja na nusu, lakini eneo la kupaka linaongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa aliye Ulaya hilo ni dogo, anaingia dukani na kuongeza kichupa. Kwetu rangi za modeli ni shida, kwa sababu rangi za kopo la kupuliza na gundi za majimaji zinashika moto, na mizigo ya namna hiyo ina masharti makali kwenye ndege. Mimi hutumia praima ya magari kutoka Kariakoo, lakini kamwe siipigi kwenye modeli kabla ya kuijaribu kwenye kipande kilichobaki cha fremu, ile plastiki inayoshikilia vipande kwenye boksi, maana tina kali hulainisha plastiki na kuharibu mistari yote midogo.

Kwa raha ya kujenga peke yake, 1:48 ndiyo inayoongoza. Spitfire Mk I ya kampuni ya Tamiya, ile mpya iliyotoka mwaka 2018, ni kazi ya kupendeza mno. Bawa linaingia kwenye bodi kana kwamba lilizaliwa hapo, na puti sikuigusa kabisa. Lakini utamu wenyewe uko kwenye chumba cha rubani. Katika skeli hii kila saa ya kwenye dashibodi inaonekana, mikanda ya kiti inaonekana, usukani una umbo lake halisi, na ukiacha mlango mdogo wa pembeni wazi mgeni atainama kuchungulia. Mtu wa mita 1.75 hapa ana sentimita 3.6, kwa hiyo hata uso wa rubani unaweza kuupaka kwa brashi ya kawaida. Mwenye macho yaliyoanza kuchoka nitamwambia aende 1:48 bila kusita.

1:32 nimeijenga na ni nzuri, ila nafasi inayokula na bei yake vinaifaa nyumba nyingine.

Makazi yangu ni 1:72. Skeli hii ilizaliwa Uingereza, enzi za futi na inchi: inchi moja inasimama badala ya futi 6, kwa hiyo mtu mrefu anakuwa na urefu wa inchi moja. Seti za plastiki za Frog Penguin zilizotoka mwaka 1936 zilitumia kipimo hicho hicho, baada ya vita Airfix wakakifuata, na ndiyo maana leo hakuna skeli yenye aina nyingi za ndege kuizidi. Kwangu hilo ni kubwa, kwa sababu sipendi ndege za kivita peke yake. Nataka DC-3, ndege ya abiria ya injini mbili ambayo East African Airways waliitumia miaka mingi, na katika 1:72 inatoka sentimita 40. Nataka Twin Otter, ndege ambayo wengi wetu tumeiona ikitua kwenye viwanja vya udongo vya mbugani, na Revell wameitoa katika skeli hii, kama sentimita 27 hivi. Ukiziweka hizo mbili pembeni ya Spitfire unauona ukweli wa ukubwa wao: rubani wa vita alikuwa amejibana kwenye kitu kidogo kiasi gani, na DC-3 ilikuwa na tumbo kiasi gani. Mkusanyiko wa skeli mchanganyiko hauwezi kukuonyesha hilo, na mimi nilianza kujenga kwa ajili ya hilo.

Ugumu upo. Vipande vidogo vya 1:72 vinahitaji kibano kizuri na lenzi, na seti za zamani zina kingo nene nyuma ya bawa. Ilinifikia seti moja ya hivyo, ya kampuni nisiyoitaja, ambayo mabawa yake ilibidi niyapige msasa kwa ndani jioni nzima kabla ya kuyagandisha. Dawa yake ni kuangalia mwaka ambao kalibu ya kumiminia plastiki ilichongwa, si mwaka wa boksi, maana boksi jipya mara nyingi hubeba plastiki ya miaka ya 1960 au 1970.

Ndege za abiria nazijenga katika 1:144, ambayo ni nusu kamili ya 1:72, na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Boeing 787-8, aina inayorushwa na Air Tanzania na Kenya Airways, ina mabawa ya mita 60. Katika 1:72 ingekuwa sentimita 83, ndege ya kutundika darini. Katika 1:144 ni sentimita 42, na seti ya Zvezda imekatwa kwa usafi wa hali ya juu. Alama za twiga nilizichapisha mwenyewe kwenye karatasi ya stika za kuloweka. Kumbuka tu kwamba printa ya kawaida haina wino mweupe. Popote penye mweupe juu ya rangi, chapisha kwenye karatasi nyeupe na ukate kwa wembe kufuata ukingo.

Halafu kuna Super VC10, ndege ya abiria ya zamani iliyoundwa Uingereza. East African Airways walikuwa nazo tano, na usajili wao uligawanywa kati ya Kenya, Uganda na Tanzania: 5Y, 5X na 5H. Shirika lilivunjika mwaka 1977, na nne zilizobaki zikaishia jeshi la anga la Uingereza kama ndege za kujaza mafuta angani. Moja wapo, iliyokuwa 5H-MOG, ndiyo VC10 ya mwisho kuundwa, na imehifadhiwa hukohuko Uingereza. Roden ya Ukraine waliitoa katika 1:144 ikiwa na alama za East African Airways, na ukiiona inauzwa mahali usiiache. Ina urefu wa sentimita 36. Kwa kuwa injini zote nne ziko nyuma, jaza uzito puani kabla ya kufunga bodi, la sivyo itakaa kitako. Mimi nilitumia chubwi za wavuvi, zilizogandishwa kwa gundi nyuma ya chumba cha marubani, na zinatosha.

Kwa hiyo anayetaka mkusanyiko, ashike 1:72 pamoja na 1:144, na ajizuie na mengine. Anayetaka ndege moja tu ya mezani, ile aliyoipenda tangu utotoni, anunue 1:48, na fedha iliyobaki aitumie kwa kibano kizuri na bunduki ndogo ya kupulizia rangi.