Seti ya shifti kwenye Surf yangu: msiniulize tena kama inafaa

Wenye gari za oto mnaoniuliza kila siku kama mfunge seti ya shifti, yaani vifaa vya kuifanya giaboksi ibadilishe gia upesi, au msifunge, leo nakujibuni mara moja, maana nimechoka. Msifunge. Au fungeni, lakini si kwa yule bwana wa Unguja. Ngojeni kwanza roho itulie nieleze.

Mie niko Pemba. Gari yangu ni Hilux Surf ya dizeli, na kazi yake si ya starehe. Siku za skuli inabeba watoto, msimu wa karafuu inabeba magunia kupeleka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Anayezijua barabara za huku hahitaji kuelezwa. Ni kilima, bonde, kilima, na oto kazi yake inakuwa kutafuta gia kutwa nzima. Yangu ikaanza uvivu: ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele kwanza, gia inaingia baadae, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Nikaambiwa dawa iko Unguja, kwenye gereji moja ambayo sitaitaja jina, na dawa yenyewe ni hiyo seti. Springi kali zaidi, gololi chache, na kazi ya kupanua baadhi ya matundu kwenye lile bamba la chuma linalokaa ndani ya valvu bodi, ile sehemu inayogawa oili kwenye giaboksi, ili oili ipite kwa wingi na klachi za ndani ya giaboksi zibane upesi. Kijana wa pale alieleza vizuri sana, na mengi aliyoyasema ni kweli, sitamdhulumu. Klachi inayobana taratibu inasuguana, msuguano unaleta joto, joto linaunguza oili, na oili iliyoungua inakula klachi. Viwandani wanalainisha makusudi ili abiria asihisi gia inapobadilika. Seti inauondoa ulaini huo, klachi inapumzika. Nikamwambia wazi, mbele ya watu: gari hii inabeba karafuu. Akasema, "Ami, hiyo ndiyo kazi yake khasa."

Gari ikavuka kwa meli, ikarudi.

Siku za mwanzo, wallahi, nilikuwa nacheka peke yangu ndani ya gari. Ya kwanza kwenda ya pili, tak. Ya pili kwenda ya tatu, tak. Kile kilima cha kutokea bandarini Mkoani nilikipanda na mzigo nyuma bila gari kuhangaika. Mtu angeniuliza wiki ile ningetoa nyota tano na kumuombea dua yule kijana.

Kisha ikaanza kupiga. Ukitoa N ukitia D, gari inaruka, watoto nyuma wanagonga paji la uso kwenye viti vya mbele. Misalaba ya propela shafti, ile inayopeleka nguvu ya giaboksi kwenye magurudumu, ikalegea. Raba inayobeba giaboksi ikachanika. Na cha ajabu, ikipiga hivyo ikiwa imesimama, ukiipa mzigo kwenye kilima inateleza, tena kuliko mwanzo. Nikawa sielewi gari moja inawezaje kuwa kali na legevu kwa wakati mmoja.

Mpaka siku moja msimu umepamba moto, magunia yamejaa, njiani kwenda kituoni, gia ya tatu ikapotea. Injini inavuma, gari haiendi. Nikaivuta pembeni, nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Nyeusi, na harufu ya kuungua iliyonikaa puani mpaka usiku. Karafuu zangu zilifika kituoni kwa gari la ng'ombe. Mwenye ng'ombe alinitoza pesa na kunicheka juu yake.

Nikapiga simu Unguja. Sikupiga kwa ugomvi, nilitaka kujua tu tufanyeje.

"Ami, seti haiui giaboksi. Nyinyi Wapemba mnaipakia gari mpaka inalia, kisha mnatafuta wa kumlaumu."

"Mwanangu, si nilikwambia pale pale kuwa gari inabeba karafuu?"

"Basi ungenunua lori."

Akakata simu. Nikapiga tena, hakupokea. Nikamtumia picha ya oili kwenye WhatsApp. Alama mbili za buluu, kimya. Nimezaa watoto wakubwa kuliko yeye. Kama angesema pole tu, neno moja lisilo na bei, huenda leo msingesoma haya. Ungenunua lori! Pesa yangu alipoipokea hakuniambia ninunue lori.

Basi gari ikavutwa mpaka Chake, kwa fundi mzee ambaye hana kibao wala banda la maana, ana mwembe na mikeka. Akashusha giaboksi, akafungua sampo, lile bakuli la oili chini yake, akaniita nikae karibu yake nione mwenyewe. Ndani ya sampo mna visumaku vya kukamata unga wa chuma. Unga kidogo wa kijivu ni kawaida, alisema, klachi na gia zinapokuwa kazini hazikosi kuuacha. Vyangu vilikuwa na manyoya, na katikati ya manyoya mna vipande vinavyong'aa.

Kisha akalitoa lile bamba, akalipangusa kwa kitambaa, akalielekeza kwenye mwanga. Tundu moja lilikuwa duara safi, la kiwandani. Jirani yake limechimbwa kwa drili ya mkono, limekaa umbo la yai, na ukingoni limeachwa na kijimeno cha chuma ambacho niliweza kukishika kwa ukucha. Hawakulipitisha hata tupa. Mzee akasema seti za namna hii huja na karatasi ya maelekezo, na nyingi huja na biti yake ya kuchimbia, kwa sababu tundu likizidi kidogo tu gia inapiga nyundo. Yule wa Unguja alichimba kwa biti aliyoiona mezani. Na vijimeno kama kile vikikatika vinasafiri na oili. Akaisimamisha valvu bodi wima: valvu zote zikateremka zenyewe kwa uzito wake, kama inavyotakiwa, isipokuwa moja. Ile ikabaki imekwama mpaka alipoisukuma.

Nikadhani hasira zangu zimefika kileleni. Hazijafika.

Mzee akaenda kwenye injini, akashika kebo inayotoka kwenye throto kushuka giaboksi. Kwenye oto hizi za zamani kebo hiyo ndiyo inayoiambia giaboksi umekanyaga kiasi gani, na presha ya oili inapanda kwa kuifuata. Ikilegea, presha inakuwa ndogo, klachi zinabana kivivu na kuungua. Pengo baina ya mwisho wa ganda la kebo na kile kizuizi chake halitakiwi kuzidi milimita 1. Langu lilipitisha ncha ya kidole.

"Huko ilikokwenda, hii waliigusa?" akaniuliza.

Nati zilikuwa na kutu na vumbi la tangu ilipotoka Japani. Hakuna spana iliyopita pale.

Hapo ndipo nikaelewa kwa nini gari ilikuwa inapiga imesimama na kuteleza ikibeba. Matundu makubwa yaliifanya ipige, presha ndogo ikaifanya iteleze. Na ndipo nilipotaka kupanda boti usiku ule ule, maana ule uvivu wa mwanzo, ulionifanya nivushe gari bahari, huenda ulikuwa unataka spana mbili na dakika za kunywa kikombe cha kahawa. Yule kijana aliniuzia seti kuponya kebo iliyolegea, na kebo akaiacha vile vile!

Sasa, seti inadhuru au inasaidia? Kwa giaboksi nzima, yenye klachi nene na presha sahihi, ikifungwa na mtu anayesoma karatasi, naona inasaidia. Kwa giaboksi iliyochoka haioteshi klachi zilizokwisha kulika, inazibamiza tu. Na msidanganywe kwamba ni dawa ya joto la kubebea mzigo. Joto kubwa kwenye vilima linatoka kwenye torki konveta, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa oili, na seti haigusi huko. Kwa hilo mtu ajifungie rejeta ndogo ya kupozea oili mbele ya rejeta kubwa, nafuu yake ataiona. Oto za siku hizi, ambazo kompyuta yenyewe inapima na kurekebisha presha, mie nisingeweka springi ya mtu humo hata kwa kulipwa.

Kwa hiyo ni nzuri. Hapana, sisemi nzuri. Nikisema nzuri kuna mtu atachukua pesa ya ada ya watoto apeleke pahala pale pale, akaambiwe anunue lori.

Lakini niwaambie na hili, ingawa linaniuma. Mzee aliporudisha giaboksi aliweka klachi mpya, bamba zima kutoka gari bovu, akakaza kebo, akanifungia rejeta ya oili. Nilipomuuliza zile springi za seti tuzitupe baharini, akakataa. Akasema springi hazina kosa, ziko ndani, na zitabaki ndani. Na sasa gari inabadilisha gia tak, tak, kama zile siku za mwanzo, na D inaingia kwa adabu. Mke wangu anasema nimeanza tena kucheka peke yangu.

Seti nyota tatu. Wakati mwingine nne, inategemea kilima. Gereji ile haina nyota.

Lile bamba ninalo nyumbani, limefungwa kwenye gazeti. Anayetaka kuliona tundu kwa macho yake aje. Na yule bwana akitaka kubisha, aje na yeye, nauli ya boti ajilipie.